Prosesa mbili, inahesabika moja: maswali yenu kuhusu seva zinazojipima

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaotunza seva za okazioni (zilizokwisha kutumika): kooperative za akiba, zahanati, shule, sibakafe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mashini inajipima yenyewe kila ikiwashwa. Je, tuiamini mpaka wapi? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Swali: Seva ya kooperative yetu ina prosesa mbili za Intel na bareti 12 za memori, kila moja gigabaiti 8. Baada ya delestaji (kukatwa kwa umeme kwa zamu) ya juma lililopita imewaka vizuri, lakini inaonyesha prosesa moja na gigabaiti 48 badala ya 96. Fundi mmoja anasema bareti sita zimekufa kwa mpigo mmoja. Ni kweli? — *Msomaji, Birere, Goma*

Jibu: Ndugu wa Birere, usinunue hata bareti moja kwanza. Hesabu yako inasema kitu kingine: nusu kamili ya memori imepotea pamoja na nusu ya prosesa. Katika seva za aina hii kila prosesa ina memori yake. Nyaya za bareti zinaingia moja kwa moja kwenye soketi yake. Prosesa ya pili isipoamka, bareti zake sita hazina mlango wa kupitia hata kama zote ni nzima. Nafasi za kadi zilizofungwa kwenye soketi hiyo nazo zinanyamaza. Angalia kama kuna kadi ya mtandao au ya diski iliyotoweka siku ileile. Huo utakuwa ushahidi wa pili bila kufungua kifuniko.

Ili ujue pa kutafuta, fuata namna mashini inavyoamka. Alimantasio (sehemu inayoipa mashini umeme) ikitulia inatoa ishara kwamba voltaji ziko sawa. Prosesa zinaachiliwa kutoka kwenye riseti, kisha inachaguliwa moja iwe kiongozi. Kiongozi ndiyo inayosoma maagizo ya kwanza kutoka kwenye fimwea (programu ya kuanzia iliyo ndani ya kadi mama), na nyingine zinangoja kuitwa. Wito wa Intel una mpangilio wake: ishara ya INIT, kungoja milisekunde 10, ishara ya kuanza, kungoja maikrosekunde 200, kisha ishara ya kuanza mara ya pili. Kila iliyoamka inajiandikisha kwenye hesabu. Isiyojiandikisha inaachwa nje, na mashini inaendelea bila yake. Ndiyo maana seva yako imewaka "vizuri": imefanya kile ilichotengenezwa kufanya, kuendelea na kazi kwa kiungo kimoja.

Lakini kiongozi yenyewe ikikwama, nani atajua? Hapo ndipo inapoingia kompyuta ndogo ya ulinzi iliyoko kwenye kadi mama, BMC, ile ambayo Dell wanaiita iDRAC na HP (leo HPE) wanaiita iLO. Ina prosesa yake na memori yake, na iko hai kila wakati waya wa umeme umechomekwa, hata seva ikiwa imezimwa. Inawasha saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Fimwea isipoisimamisha kwa wakati, BMC inaelewa kwamba kiongozi imekwama, inaandika tukio na kuirudisha mashini mwanzo. Kwa hiyo habari unayoitafuta imekwisha kuandikwa. Isome kabla ya kushika turnevisi (bisibisi). Kwenye Linux:

ipmitool sel elist

Ukiona "FRB1/BIST failure", prosesa imejipima yenyewe ikajikuta na hitilafu. Hiyo ni habari mbaya na mara nyingi ni ya kweli. "FRB2/Hang in POST failure" maana yake mashini ilikwama katikati ya kipimo cha mwanzo, na chanzo kinaweza kuwa prosesa, memori, hata kadi ya pembeni. "FRB3/Processor startup/initialization failure" ni prosesa iliyoitwa isiitike. "Configuration Error" huja mara nyingi prosesa mbili zisipolingana kwa modeli au kwa toleo. "IERR" na "Thermal Trip" ni za mashini iliyokuwa tayari inafanya kazi: ya kwanza ni hitilafu kubwa ya ndani, ya pili ni joto lililovuka mpaka. "Disabled" inamaanisha imezimwa kwa amri, na kuna aliyetoa amri hiyo: fimwea au mtu. Mistari ikiwa na "Pre-Init" mahali pa tarehe, saa ya BMC ilikuwa haijawekwa tukio lilipoandikwa. Fuata mpangilio wa mistari, usifuate tarehe.

Tazama pia voltaji kwa amri *ipmitool sdr type Voltage*. Baada ya umeme kurudi kwa kishindo, sehemu inayoumia si lazima iwe prosesa. Mara nyingine ni rigyuleta inayoipa prosesa ya pili umeme wake kwenye kadi mama. Prosesa isiyopata umeme na prosesa iliyokufa zinaonekana sawa kabisa kwa kiongozi: zote haziitiki.

Sasa mikono. Zima, chomoa nyaya zote mbili za umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, ngoja nusu dakika. Vaa bangili ya kuondoa umeme tuli au shika chuma cha kasha kila mara kabla ya kugusa kitu. Toa prosesa zote mbili na uziandike alama, kisha weka ile ya soketi ya pili kwenye soketi ya kwanza, peke yake, na bareti moja kwenye nafasi ya kwanza ya soketi hiyo. Usifanye kinyume. Soketi ya kwanza lazima iwe na prosesa, kwa sababu chipu inayobeba fimwea na vifaa vya kuanzia imeunganishwa nayo. Bila yake mashini haitawaka hata kama kila kitu ni kizima. Ikiwaka na prosesa ile uliyoishuku, prosesa haina kosa, na hatia imebaki kwenye soketi ya pili au rigyuleta yake. Isipowaka, rudisha ile nzuri mahali pake uthibitishe kwamba hukuharibu kitu ulipokuwa unahamisha, na hapo ndipo unaweza kuihukumu.

Soketi ikiwa wazi, imulike kwa tochi kutoka pembeni, si kutoka juu, na utazame kwa lenzi. Vidole vyote vya chuma vinapaswa kung'aa kwa mstari ulionyooka. Kimoja kilichoinama kinatosha kupoteza njia nzima ya memori, na mabaki ya pati ya joto yaliyodondokea humo yanafanya kazi hiyohiyo. Pati ya zamani iondoe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na mpya weka kiasi cha punje moja ya mahindi katikati. Radiateri (chuma cha kupoza prosesa) ikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, kila skrubu kwa zamu, la sivyo prosesa inakaa upande na baadhi ya vidole haviguswi.

Kuna jambo moja linalowapotezea watu fedha nyingi. Fimwea nyingi zinakumbuka prosesa au bareti zilizofeli na kuendelea kuzifungia nje hata baada ya kubadilishwa. Umeweka prosesa mpya, bado inahesabika moja, unadhani umeuziwa mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya fimwea, tafuta chaguo la kupima upya prosesa na memori, liwashe, halafu anzisha tena. Usifute daftari la matukio kabla ya kulinakili. Hilo ndilo faili la mgonjwa.

Swali: Ninawasha seva, taa ya rangi ya chungwa inapepesa, vantilateri zinanguruma, ekrani ni nyeusi. — *Msomaji, Katindo, Goma*

Jibu: Ngoja dakika kumi, kwa saa. Seva yenye bareti nyingi, hasa mara ya kwanza baada ya kubadilisha memori, inakaa na ekrani nyeusi huku fimwea ikitafuta kwa kila waya wa memori wakati sahihi wa kusoma na kuandika. Anayekata umeme dakika ya pili anairudisha kazi mwanzo, na anaweza kushinda hivyo siku nzima. Mngurumo nao si ugonjwa: BMC isipopata habari za joto inazungusha vantilateri kwa nguvu zote ili isikosee upande mbaya.

Dakika kumi zikipita, tafuta namba. Wakati wa kipimo cha mwanzo fimwea inatuma namba ya hatua iliyofikia kwenye mlango wa 80 wa mashini, tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Baadhi ya kadi mama zinaionyesha kwenye taa ndogo, nyingine kupitia ukurasa wa BMC, na kwa mashini zenye nafasi inayofaa kuna kadi ndogo za kuisomea. Namba iliyobaki imesimama ni hatua ambayo mashini ilikuwa *inajaribu*, si hatua iliyomaliza. Na kila mtengenezaji wa fimwea ana jedwali lake; usisome namba ya mmoja kwa jedwali la mwingine.

Bila namba, punguza. Prosesa moja, radiateri yake, bareti moja, alimantasio moja. Hakuna diski, hakuna kadi, hakuna chochote kwenye milango ya nyuma isipokuwa ekrani na klavie. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Bareti ziwe za aina moja: zile zenye rejista hazichanganyiki na zile zisizo nayo, na ukichanganya mashini nyingi zinakataa kuwaka bila kusema kwa nini.

Swali: Kila asubuhi seva inapita vipimo vyake bila kosa. Lakini mara mbili kwa mwezi hesabu za stoki zinatoka vibaya, na mara nyingine mashini inaganda mchana kazi ikiwa nyingi. Tumebadilisha programu, bado. Kipimo kinadanganya? — *Mama mwenye dipo la dawa, Himbi, Goma*

Jibu: Mama, hakidanganyi, ila kinajibu swali dogo kuliko lako. Kipimo cha mwanzo kinataka kujua kama mashini inaweza kuanza. Kinafanyika ikiwa baridi, bila mzigo, prosesa zikiwa nyingi zimekaa kungoja, na memori ikiguswa juujuu. Fanya hesabu: gigabaiti 64 ni karibu maneno bilioni 8.6 ya biti 64. Kipimo cha memori kinachoitwa March C- kinagusa kila seli mara 10, yaani shughuli karibu bilioni 86. Kwa mwendo wa gigabaiti 10 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya dakika moja, na kwa muundo mmoja tu wa biti. Watengenezaji wanajua mteja hapendi kungoja, kwa hiyo mashini nyingi zinatoka kiwandani na kipimo kirefu kikiwa kimezimwa. Kiwashe kwenye mipangilio, sehemu ya memori, walau usiku wa Jumamosi.

Anza na hesabu ya makosa yaliyosahihishwa. Bareti za seva zina ECC: kwa kila biti 64 za data kuna 8 za ulinzi, na hizo zinarekebisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili. Wema huu una upande wake mgumu. Bareti dhaifu inaweza kupita programu ya kupima memori, Memtest86+, usiku kucha bila kosa hata moja, kwa sababu kila kosa linarekebishwa kabla programu haijaliona. Kwa hiyo waombe wanaoitunza mashini wasome namba zilizoko hapa:

/sys/devices/system/edac/mc/mc0/ce_count

na ue_count iliyo karibu yake, halafu mc1 na zinazofuata. Ya kwanza inahesabu yaliyosahihishwa, ya pili yasiyosahihishika. Kosa moja lililosahihishwa kwa miezi si kitu. Namba inayopanda kila siku kwenye bareti ileile inadai bareti hiyo itolewe. Ue_count ikiwa juu ya sifuri hata mara moja, usingoje. Programu ya rasdaemon ikiwekwa, amri ya *ras-mc-ctl --errors* itaonyesha na tarehe.

Memori ikiwa safi, pima kori (viini vya hesabu vilivyo ndani ya prosesa) moja moja. Hili watu hawalifanyi, na kwa mashini ya prosesa nyingi ndilo lenye faida kubwa. Ukipima kori 16 kwa pamoja na moja ina hitilafu, unajua tu kwamba kuna hitilafu. Programu zinahamahama kati ya kori, kwa hiyo kosa linatokea leo, kesho halipo. Ifunge kazi kwenye kori moja na idai jibu lihakikiwe:

stress-ng --cpu 1 --taskset 5 --verify --timeout 15m

Namba 5 ibadilishe kutoka 0 hadi ya mwisho. Kori 16 kwa dakika 15 ni saa 4, usiku mmoja. Kama prosesa ina nyuzi mbili kwa kila kori, *lscpu -e* itakuonyesha zipi ni mapacha, usipime kori moja mara mbili.

Halafu pima njia iliyo kati ya prosesa mbili, kwa maana kila moja inaweza kuwa nzima na njia ikawa mbovu. Lazimisha kori za upande wa kwanza zitumie memori ya upande wa pili:

numactl --cpunodebind=0 --membind=1 stress-ng --vm 2 --vm-bytes 4G --verify -t 30m

Geuza 0 na 1, rudia, kisha weka namba zote mbili sawa ili upime kila upande nyumbani kwake. Ikifeli pale tu inapovuka, na nyumbani inapita, wa kushukiwa ni soketi na vidole vyake, na radiateri iliyokazwa upande. Wakati wote huo dirisha lingine liwe wazi na *dmesg -w*: mstari wowote wenye "Machine Check" au "Hardware Error" unataja prosesa na sehemu iliyolalamika.

Mama asidhani jambo hili ni la mashini za okazioni tu. Mwaka 2021 wahandisi wa Google na wa Facebook, kila upande peke yake, walieleza hadharani kwamba wamekuta kori zinazokosea hesabu kimyakimya, bila kengele yoyote. Google walitaja kori chache kwa kila mashini elfu kadhaa. Ukishaipata yako, unaweza kuizima huku ukitafuta prosesa nyingine:

echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu5/online

pamoja na pacha wake aliyeandikwa ndani ya topology/thread_siblings_list ya kori hiyo. Cpu0 mara nyingi haikubali kuzimwa. Ikiwa ndiyo mbovu, hamisha prosesa au ibadilishe. Na hesabu za stoki zilizoandikwa katika kipindi hicho zilinganishwe na dawa zilizoko rafuni. Kwa dipo la dawa hili ni muhimu kuliko mashini yenyewe.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa informatiki. Prosesa inawezaje kujipima, wakati chombo cha kupimia ndicho kinachopimwa? — *Msomaji, Kyeshero, Goma*

Jibu: Umegusa kiini chake. Mwanafunzi hawezi kuachiwa asahihishe mtihani wake mwenyewe, na wasanifu wa chipu wanajua hivyo. Kipimo cha ndani, BIST, hakiandikwi kwa maagizo ya kawaida ya prosesa. Ni saketi ndogo ya pembeni. Rejista (kihifadhi kidogo cha biti) moja yenye mrejesho inazalisha mifululizo ya biti inayofanana na bahati nasibu lakini ni ileile kila mara. Rejista ya biti 16 iliyopangwa vizuri inapita hali 65,535 kabla ya kujirudia. Biti hizo zinasukumwa ndani ya mantiki, na majibu yanakamuliwa na rejista nyingine hadi yawe namba moja fupi, sahihi ya chipu. Sahihi inalinganishwa na ile inayotarajiwa. Chipu mbovu inaweza kwa bahati kutoa sahihi njema, lakini kwa rejista ya biti 32 uwezekano huo ni kama moja kwa bilioni 4.3. Kwa kashe, ambazo ni memori ndogo za haraka ndani ya prosesa, saketi nyingine inaendesha vipimo vya jamii ya March.

Kwenye prosesa za Intel kipimo hicho kinaombwa na vifaa wakati wa riseti. Kikiisha, rejista ya EAX inakuwa sifuri ikiwa prosesa imefaulu. Pentium 4 ilihitaji mapigo ya saa kama milioni 30, yaani milisekunde 10 kwa gigahezi 3. Fimwea ya kiongozi inaweza kusoma EAX yake yenyewe, ila ikiwa haiwezi hata kusoma, saa ya BMC ndiyo shahidi. Kwenye mashini ya prosesa nyingi kuna faida ya ziada: prosesa nzima inaweza kupewa kazi ileile kama mwenzake na majibu yakalinganishwa. Prosesa moja peke yake haina wa kumwuliza.

Sahihi nzuri haithibitishi mwendo kwenye joto la kazi wala voltaji iliyoshuka. Tangu kizazi cha prosesa za seva kinachoitwa Sapphire Rapids, Intel wanaruhusu kori ipimwe hivyo mashini ikiendelea na kazi, na Linux ilipata dereva yake, intel_ifs, kwenye toleo 5.19 la 2022. Kama unatafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, ianzie hapo.

Swali: Seva zetu zinaonyesha makosa ya memori ambayo yanapotea tukichomoa bareti na kuzisugua kwa gome (kifutio) ya shule. Baada ya miezi yanarudi. Ni vumbi la volkano? — *Msomaji, Majengo, Goma*

Jibu: Gome iacheni leo. Dhahabu iliyo kwenye meno ya bareti ni nyembamba chini ya maikromita moja, na gome ya kufutia wino ina chembe za kusaga. Kila mnaposugua mnaondoa dhahabu. Metali zilizo chini zinashika kutu, na makosa yanarudi kwa kasi zaidi. Kinachoponya kwa muda ni kule kuchomoa na kuchomeka tu. Tumia kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili, acha ikauke kabisa, halafu chomeka mpaka vishikizo vyote viwili vilie.

Vumbi letu jeusi la mawe ya lava ni gumu na lina ncha. Likishika unyevu wa ziwa linaweza kupitisha umeme kidogo kati ya meno. Tena Nyiragongo inatoa gesi za salfa, na salfa katika hewa yenye unyevu inakula fedha na shaba, hata ndani ya vipinzani vidogo vya kadi mama ambavyo macho hayavioni. Chujio la kitambaa mbele ya chumba cha seva, lioshwe kila juma wakati wa kiangazi, linaokoa kuliko bareti mpya. Mkipuliza kwa kompresa, shikilieni mapanga ya vantilateri yasizunguke.

Na kuna kimo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Kanuni za ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji na hewa cha Marekani, kwa seva za daraja A2 zinaruhusu hewa ya kuingia hadi nyuzi 35, lakini juu ya mita 900 zinaondoa nyuzi 1 kwa kila mita 300. Hapa kwetu mpaka ni nyuzi 33. Kama *dmesg* inataja prosesa iliyopunguziwa mwendo kwa ajili ya joto, hilo si kosa la kipimo.

Swali: Kitivo chetu kina Sun Fire V440 ya zamani, prosesa nne. Hakuna anayejua kuifanya ijipime kwa kina. — *Msomaji, Bukavu*

Jibu: Ni mashini nzuri ya kufundishia, kwa sababu vipimo vyake vinaongea wazi. Msiunganishe ekrani, unganisheni kompyuta kwenye mlango wa SERIAL MGT kwa mwendo wa 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Kwenye alama ya ok andikeni *setenv diag-switch? true*, kisha *setenv diag-level max*, kisha zimeni na kuwasha. Kila prosesa itapimwa pamoja na kashe na memori yake, na matokeo yote yatapita kwenye mlango huo. Ikifeli, soma mstari wa "H/W under test": vitu vimepangwa kwa mpangilio wa kushukiwa, cha kwanza ndicho cha kwanza kubadilishwa. Amri ya *.asr* inaonyesha vilivyofungiwa nje, na *asr-enable* pamoja na jina lililoonyeshwa inakirudisha baada ya kukarabati. Kwenda kwa msimamizi wa ndani andikeni #. na mtapata sc>. Hapo *showenvironment* inatoa joto na voltaji, na *console* inawarudisha. Mkimaliza rudisheni diag-switch? kuwa false, maana kipimo cha max ni kirefu.

Swali: Umeme unakatika mara tatu kwa siku, kwa hiyo seva inajipima mara tatu. Inaichosha? — *Msomaji, Ndosho, Goma*

Jibu: Kujipima hakuichoshi. Kinachoiumiza ni umeme unaporudi: sekunde za kwanza voltaji inayumba, na mtaa mzima unawasha friji kwa pamoja. Kwenye mipangilio ya fimwea tafuta kinachohusu kurudi kwa umeme, weka ingoje dakika mbili hivi kabla ya kuwaka. Onduleri (UPS, batiri inayoshika seva umeme ukikatika) ipimwe kwa mzigo halisi kila miezi mitatu: chomoa waya wake ukutani wakati kazi imefungwa, hesabu dakika seva inazodumu, uandike kwenye kifuniko. Na batiri ya CR2032 ya kadi mama, voltaji 3 ikiwa mpya, ibadilishe ikishuka chini ya 2.7, mashini inayozimwazimwa inaitegemea zaidi, na ikifa mipangilio yote uliyoiweka, hata ule muda wa kungoja, inaweza kurudi kama ilivyotoka kiwandani.